Nguva naye ana ukoo, jamani

Wagiriki wa kale walikuwa na mambo. Mzee wa bahari, Nereus, na mkewe Doris walizaa mabinti 50, na mshairi Hesiod akakaa chini kuwataja kwa majina. Doris mwenyewe ni binti wa Oceanus, aliyekuwa na mabinti 3,000! Yani hata binti wa bahari asiye na hadithi yoyote, babake ajulikana. Dadake kaolewa wapi pia yajulikana: Amphitrite kwa Poseidon, Thetis kapewa binadamu akamzaa Achilles.

Sasa njoo kwetu Tudor. Nguva niliyesimuliwa mimi nikiwa mdogo alikuwa nusu mtu nusu samaki, mrembo, na yuko peke yake. Hana mama, hana dada. Kazi yake kututisha tusiogelee magharibi.

Na msiniambie Wagiriki wako mbali. Karne ya 1 kuna mtu aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari, Periplus, akaieleza pwani hii mpaka Rhapta: vyombo vya kushonwa kwa kamba, magamba ya kasa, pembe za ndovu. Mabinti wa bahari hakuwataja. Yeye alikuwa na hesabu za biashara.

Hapo kwa ndovu ndipo nilipochoka. Nguva ni mnyama wa kweli, na mwaka 1811 Mjerumani aitwaye Illiger alilipa kundi lake jina la Sirenia, kutokana na Sirens, wale waimbaji wa Kigiriki waliowapoteza mabaharia. Hilo ni jina la kukopa tu. Ndugu wa damu ni ndovu! Jike ana chuchu mbili karibu na makwapa kama ndovu, dume huota vipembe. Nilimwonyesha bibi picha ya nguva, mtoto kamganda ubavuni. Akaiangalia sana. "Kumbe ana mwana."

Anaye, mmoja mmoja, kwa mimba ya zaidi ya mwaka. Na lazima aje juu kupumua, kwa hivyo akinasa kwenye jarife anakufa maji kama mimi na wewe. Binamu yake mkubwa wa bahari ya Bering alielezwa na Steller mwaka 1741. Kufikia 1768 wawindaji walishammaliza. Miaka 27 tu, wasee.

Wa kwetu, Desemba 2022, nguva wa Afrika Mashariki waliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250. Hiyo ni kama nyumba tano za Nereus, tena hazijajaa, kwa pwani yote.