Kutoka Kiyovu hadi Mubari: Mbuga ya Akagera na Mipaka Yake

Mgeni aliyelala katika hoteli mojawapo ya Kiyovu, mjini Kigali, huondoka alfajiri kuelekea mashariki ili awahi kuwaona viboko wa ziwa Ihema. Mara nyingi huambiwa kwamba anakwenda kwenye pori lisiloguswa. Historia haiungi mkono dai hilo.

Eneo hilo liliitwa Mubari. Katika masimulizi ya asili ya ukoo wa kifalme wa Wanyiginya, Kigwa alishuka kutoka mbinguni akatua Mubari, katika milki ya Kabeja, mfalme wa Wazigaba. Masimulizi ya watawala wenyewe, kwa hiyo, yanakiri kwamba walikuta wenyeji na mfalme wao. Wabelgiji walipotangaza hifadhi ya Akagera mwaka 1934, waliuchora mpaka juu ya nchi iliyokuwa na jina na kumbukumbu. Neno “pori” lilikuja na ramani.

Mtihani mkubwa ulifuata baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wakimbizi waliokuwa wameishi Uganda na Tanzania kwa miongo kadhaa walirejea na mifugo yao, nao walihitaji ardhi. Mwaka 1997 mbuga ilipunguzwa kutoka takriban kilomita za mraba 2,500 hadi 1,100 hivi. Ni vigumu kuulaumu uamuzi huo. Serikali isingeweza kuwahifadhi swala huku raia hawana pa kukaa. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa. Wafugaji waliwatilia simba sumu ili kuwalinda ng'ombe, na simba wakatoweka kabisa. Maziwa na vinamasi vya mafunjo kando ya mto Akagera, ambavyo havifai kwa malisho, vilisalimika zaidi.

Mwaka 2010 serikali iliingia ubia na shirika la African Parks. Uzio wa umeme ulikamilika mwaka 2013, na mwaka 2015 simba 7 waliletwa kutoka Afrika Kusini. Faru weusi wakafuata mwaka 2017.

Uzio huo unapita upande wa magharibi, ukiitenga mbuga na vijiji. Malisho mengi ambayo mgeni huyaona nje yake, na ng'ombe wakiwa wametawanyika humo, yalikuwa ndani ya hifadhi hadi mwaka 1997.