Daktari Williamson na Mji wa Mwadui

Historia ya Samuye haikamiliki pasipo kumtaja jirani yake Mwadui. Mgodi huo wa almasi uliwavuta watu wengi wa Usukuma waliotafuta kazi ya mshahara, ukaupa mkoa wa Shinyanga jina lililosikika hadi ng'ambo. Mwanzilishi wake, John Thorburn Williamson, hakuacha mke wala mtoto, aliacha mji.

Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill akikusudia kusoma sheria. Safari ya likizo pamoja na watafiti wa miamba katika nchi ya Labrador ilimbadilisha nia, naye akageukia jiolojia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1928, ya pili mwaka 1930, na ya udaktari mwaka 1933. Ndiyo sababu aliitwa daktari, ingawa hakuwa tabibu.

Chuo hicho kilikuwa na sifa ya michezo pia. Mwaka 1874 wanafunzi wake walicheza na wenzao wa Harvard, katika mechi inayokumbukwa kuwa miongoni mwa chimbuko la mpira wa Kimarekani. Mhitimu wake mwingine, James Naismith, ndiye aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891, mchezo ambao leo unachezwa hata katika shule za Tanzania.

Baada ya masomo Williamson alikwenda kusini mwa Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akaja Tanganyika katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki. Kampuni iliyomwajiri ilipokata tamaa, yeye aliendelea kwa gharama yake. Alisafiri porini akichekecha udongo na kutafuta madini yanayoandamana na almasi, kwa imani kwamba mwamba mama ulikuwa karibu. Fedha zilimwishia mara kwa mara, na miongoni mwa waliomkopesha alikuwemo wakili I. C. Chopra wa Mwanza.

Mwezi Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui. Mwamba uliogunduliwa una eneo la hekta 146 hivi, mmojawapo wa miamba mikubwa kabisa ya almasi iliyopata kuchimbwa duniani. Wakati ule vita kuu vilikuwa vikiendelea na mitambo ilikuwa adimu. Kazi ilianza kwa zana hafifu na kwa nguvu za mikono ya vibarua. Mwezi Oktoba 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa akifunga ndoa mwaka huo. Baada ya kukatwa ilibaki na karati 23.6.

Kadiri mgodi ulivyokua, ndivyo mji ulivyokua pamoja na nyumba, shule, hospitali na viwanja vya michezo. Mapenzi ya michezo yalidumu hapo kuliko mwanzilishi mwenyewe: timu ya soka ya Mwadui ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2015, ikadumu humo hadi iliposhuka mwaka 2021.

Williamson alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Ndugu zake waliorithi mali waliuza mgodi mwaka huohuo, na umiliki ukagawanywa sawa kati ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika.

Hata hivyo, urithi wa mgodi si wa wenye hisa peke yao. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa mishahara ya Mwadui. Wengine waliijua Mwadui kwa uzio wake tu, uliowatenga na ardhi ya jirani. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la matope ya mgodi ulibomoka, matope yakafunika nyumba na mashamba ya wanavijiji. Hao nao ni warithi wa Mwadui, na haki yao haipungui kwa kuwa majina yao hayamo katika hati za mauzo. Anayeisimulia historia ya Mwadui kwa uaminifu hana budi kuwataja pamoja na mvumbuzi.