Fundi wa Mwanza na njia ya London

Tuseme ni mwaka 1975. Fundi bati mmoja pale Mwanza amebuni kinga ya karabai ambayo upepo wa ziwani hauishindi, na wavuvi wa dagaa wanaigombania. Anataka hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiigize uvumbuzi wake. Aende wapi?

London. Wala sikutanii. Sheria tuliyorithi kwa mkoloni haikutoa hataza hapa nchini. Ilisajili tu ile iliyokwisha kutolewa Uingereza, basi. Kenya na Uganda nako mambo yalikuwa hayohayo.

Kinachonishangaza ni kwamba SIDO ilishaanzishwa 1973, kazi yake kuinua viwanda vidogo. Yaani serikali inamwambia fundi "buni", huku sheria inamwambia "panda ndege".

Sheria yetu wenyewe ilitungwa 1987, ikaanza kutumika 1994, miaka 33 baada ya uhuru. Humo kuna kitu ambacho nadhani kingemfaa fundi wetu kuliko hata hataza: cheti cha uvumbuzi mdogo. Hakidai ugunduzi mkubwa wa kitaalamu. Kifaa kiwe kipya, na kiweze kutengenezwa na kutumika. Muda wake ni mfupi kuliko wa hataza, lakini kinga ya karabai inahitaji miaka mingapi?

Ila hilo neno "kipya" ndilo lingemponza. Kinga iliyouzwa mwaloni tangu 1975, ikifika 1994 si mpya tena, hata kama anayeomba cheti ndiye aliyeibuni.