Nani Anasimulia Picha ya Kakuma?

Ndugu mwalimu, nawe mtahiniwa, mnapohakiki riwaya huuliza: nani anasimulia? Picha nayo ina msimulizi. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka wa 1977, alisema kuwa mpiga picha hujitwalia mamlaka juu ya anayepigwa.

Hoja hii inadhihirika Turkana. Kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ilianzishwa mwaka wa 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Picha zao zilienea ulimwenguni wakiitwa "Wavulana Waliopotea", jina walilobandikwa na wengine. Mwaka wa 2008 wakimbizi walianzisha gazeti lao, KANERE. Mhusika akawa msimulizi.

Kwa hivyo, usiishie kwenye maudhui ya picha. Chunguza aliyeshika kamera, aliyeandika maelezo, na aliyenyimwa jina.