Bukavu: kabla gari hazijaomba mega, simu zililipishwa RAM

Gari nyingi zinazopanda na kushuka kati ya Nyawera na Essence zilitumika kwanza Japani. Volani iko kuume, na mbele ya dereva kuna kioo kinachoandika Kijapani. Fundi akitoa betri ya gari kwa matengenezo, mara nyingi radio ya namna hiyo inagoma kuwaka tena. Kioo kinadai kadi yenye ramani ya Japani, au namba ya siri ya kufungulia. Dereva wa taxi hana haja na barabara za Tokyo, anataka tu kusikia habari za jimbo. Gari ni lake, alilinunua kwa pesa yake, lakini radio haimtii mpaka amlipe mtu anayejua kuifungua.

Jambo hilo la kununua kitu na ufunguo ukabaki kwa mwingine si geni kwa wakaaji wa Bukavu. Walilijua kupitia simu.

Simu ya mkononi iliingia nchini, wakati ule Zaire, mwaka 1986, pale kampuni ya Telecel ya mfanyabiashara Miko Rwayitare ilipoanza kazi Kinshasa. Ilikuwa simu ya wakubwa wa serikali na matajiri, na bei yake ilifika maelfu ya dola. Raia wa kawaida walisubiri hadi Celtel ilipofungua kazi Kongo mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002. Kadi za unite zikaanza kuuzwa kando ya barabara. Muuza sambaza, motari na mwanafunzi wakapata namba zao.

Mapatano ya siku zile yalieleweka na kila mtu: anayepiga simu ndiye analipa. Asiyepiga, unite zake zinabaki. Baadaye mega zilipokuja, mambo yakawa vile vile, ingawa forfe ilikuwa na siku zake za kuisha.

Lakini raia walianza kuona kwamba kulipa hakutoshi. Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ilikatwa tena tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na ikarudi tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019. Karibu siku 20, mtu alikuwa na simu nzuri mkononi na unite ndani yake, na bado hakuweza kutuma ujumbe wa WhatsApp kwa ndugu yake.

Ndipo ikaja RAM. Herufi hizo zilikuwa jina fupi la daftari la kuandikisha simu, lililoanzishwa na ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano. Makato yalianza mwezi wa tisa 2020. Mwenye simu ndogo ya 2G alitakiwa kulipa dola 1 kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au 4G alitakiwa kulipa dola 7 kwa mwaka, zikigawanywa katika makato sita. Hakuna aliyekwenda kulipa kwenye ofisi. Mtu alikuwa akiweka unite, na kabla hajapiga simu, sehemu inaondoka.

Wakubwa walieleza kwamba daftari hilo litapambana na simu bandia na simu za wizi. Maelezo hayo hayakutuliza watu. Vijana wa LUCHA, shirika la raia na chama cha ODEP kinachofuatilia matumizi ya pesa za umma waliuliza swali moja: ni sheria gani iliyoweka makato haya? Kipengele cha 174 cha katiba ya Kongo kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na sheria inapita bungeni. RAM haikupita huko. Mwaka 2021 swali hilo lilimfikia Waziri Augustin Kibassa Maliba mbele ya Bunge la taifa mjini Kinshasa, na wabunge hawakumpokea kwa utulivu. Mwanzoni mwa 2022 serikali iliiondoa RAM.

Kwa familia yenye kipato kidogo, dola 7 hazikuwa mchezo. Lakini kilichouma zaidi ni namna zilivyochukuliwa. Simu ilikuwa imeshalipiwa dukani, unite zimeshalipiwa kwa muuzaji, na bado mkono wa tatu uliingia mfukoni bila kubisha hodi.

Leo swali hilo limehamia kwenye gari. Gari mpya za umeme zina laini ya simu ndani yake, nazo hupokea ramani mpya, habari za barabara na marekebisho ya programu kupitia mtandao. Nchini Marekani, Tesla inatoza dola 9.99 kwa mwezi kwa mwenye kutaka mtandao kamili ndani ya gari. Kwa gari zilizoagizwa kuanzia tarehe 20 mwezi wa saba 2022, hata mtandao wa kawaida una kikomo cha miaka 8. Mwezi wa pili mwaka huo huo, AT&T ilizima 3G Marekani, na gari zilizotegemea mtandao huo zikapoteza mawasiliano. Magurudumu yalizunguka kama kawaida, lakini huduma alizonunua mwenye gari zilikwisha.

Betri za gari nyingi za namna hiyo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Siku moja gari hizo zitafika Bukavu kama zilivyofika Toyota za Japani: zimetumika, zimechoka, na miaka 8 yake imeshaisha.

Kwa ramani peke yake, kuna njia nyingine. OpenStreetMap inachorwa na watu wa kujitolea, na tangu mradi wa Missing Maps uanze mwaka 2014, sehemu nyingi za Kongo zimechorwa humo. Programu kama OsmAnd na Organic Maps huipakua ramani hiyo mara moja, kisha inatumika bila mega hata moja.

Mwezi wa pili 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki za Bukavu zilifunga milango. Pesa ya simu ikawa njia ya familia nyingi kupata chakula, na simu ikawa njia ya waliokimbia kuuliza nani yuko wapi. Katika siku kama hizo, makato ya dola moja yanaweza kuzuia mama asimpate mtoto wake.

Kabla ya kununua simu, au kesho gari, swali la enzi ya RAM bado linafaa: nani anashika ufunguo, kwa sheria gani, na mpaka lini?