Kodi na Mwili wa Mtu: Kutoka Mpala ya Storms hadi Bandari ya Moba

Desemba 1884, Émile Storms, mwanajeshi Mbelgiji aliyejenga kituo Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka mmoja kabla, alituma watu wenye bunduki kupanda milima ya Watabwa. Walimuua Lusinga, mtawala aliyekataa kuwa chini yake, wakamkata kichwa. Fuvu likasafirishwa hadi Ubelgiji. Lusinga hakuwa mtu mwema, kwani aliteka na kuuza watu. Lakini watawala wenzake walielewa funzo jingine: wakaja kuinama mbele ya Storms na kuleta hongo, yaani tozo ya utii.

Naanza na kichwa hicho kwa sababu katika ufukwe huu wa Ziwa Tanganyika, serikali ilipomdai mnyonge, mara nyingi ilimdai mwili wake.

Enzi za Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, kodi ilikuwa kazi yenyewe: kubeba mizigo, kuleta chakula, na kwenye misitu, mpira. Amri ya 1903 ilipoweka saa 40 kwa mwezi, ilitangazwa kuwa huruma. Huku kwetu Katanga, kuanzia 1900 hadi 1910, utawala ulikuwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, chombo ambamo kampuni na dola viliketi pamoja. Mwananchi angemshtaki nani kwa nani?

Kisha likaja jambo zito zaidi. Mwaka 1910, miaka miwili baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo, kila mwanamume mzima alitakiwa kulipa kodi kwa franka, na mwenye wake wengi aliongezewa. Sasa mtu wa Baudouinville, ndivyo Moba ilivyoitwa, franka angeitoa wapi? Alikuwa na mihogo, samaki na mbuzi. Franka ilikuwa kwenye migodi ya shaba, kwenye ujenzi wa reli, kwenye mizigo ya wazungu. Kodi ilikuwa mkono wa kumsukuma huko, na watawala wenyewe hawakulificha hilo. Aliyeshindwa kulipa alifungwa na kufanyishwa kazi, na gerezani fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwepo. Mzungu alitozwa kwa sheria nyingine. Chifu aliyevishwa medali ya serikali alipata sehemu ya makusanyo, hivyo kukosa kwa jirani yake kukawa hasara yake yeye. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugonjwa ulipoingia ndani ya nyumba zetu: mkubwa wa kwetu akaanza kula kwenye mfuko wa deni la mdogo.

Mzigo kama huo uliamsha upinzani kwetu na kwa majirani. Huko Kwango, magharibi mwa Kongo, mwaka 1931, bei ya mawese ilianguka na kodi ikabaki palepale. Wapende wakaasi, na zaidi ya 500 wakauawa. Bukedi, Uganda, Januari 1960, watu waliandamana na kuchoma mali kwa sababu makadirio ya kodi yaliwaelemea wao huku machifu wakiwapendelea watu wao. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, mgambo walikuwa wakiwasaka wasio na stakabadhi ya kodi ya maendeleo, wanaume wakikimbilia porini, hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Uhuru ulipofika Kongo, kodi ya kichwa haikuondoka. Chini ya Rais Mobutu, aliyeiita nchi Zaire, mwanakijiji aliulizwa stakabadhi njiani na sokoni. Wakati huohuo, mwaka 1978, Mjerumani Erwin Blumenthal alitumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kusimamia Benki ya Zaire. Mwezi wa Novemba alizifungia mikopo kampuni zipatazo 50 mpaka zilipe madeni. Miongoni mwa wenye kampuni hizo alikuwemo Litho, mjomba wa Mobutu. Lilikuwa deni la benki zaidi kuliko la kodi, lakini wakubwa wasioguswa walikuwa walewale. Blumenthal aliondoka 1979, na ripoti yake ya 1982 ikawaambia wadai wa Zaire wasitumaini kurudishiwa fedha zao.

Kenya ililiandika suala hili la wakubwa na kodi kwenye Katiba ya 2010: hakuna ofisa wa serikali atakayesamehewa kodi kwa sababu ya cheo chake. Mwaka uliofuata mamlaka ya mapato ilipowadai wabunge, wengi waligoma.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 65, inamtaka kila Mkongomani alipe kodi. Kifungu cha 107 kinamkinga mbunge: Bunge likiwa kwenye kikao hashtakiwi bila ruhusa ya Bunge lenyewe, isipokuwa amefumaniwa akitenda kosa. Kinga hiyo ina sababu nzuri, ili anayeikosoa serikali asifungwe kwa kusema. Lakini deni la kodi si hotuba.

Mama anayeshusha ndagala kwenye bandari ya Moba akikosa pesa ya ushuru, hakuna kikao kinachoitishwa kwa ajili yake. Karai lake linabaki chini, juani, mpaka alipe.