Mashine ya Kale Ndani ya Dirisha Jeusi

Fungua terminali kwenye kompyuta yenye Linux. Unaona dirisha jeusi na kistari kinachopepesa, basi. Utadhani hakuna programu rahisi kuliko hii. Kumbe ugumu wake hauko kwenye kuonyesha herufi. Uko kwenye kuamua historia ipi ubebe na ipi uache.

Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga Unix huko Bell Labs, Marekani, watu waliongea na kompyuta kupitia teletaipu, yaani mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya. Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde, kwenye karatasi. Amri ya "tty" unayoikuta hadi leo ni ufupisho wa jina hilo.

Mwaka 1978 kampuni ya DEC ikatoa VT100. Sasa ni skrini: mistari 24, kila mmoja herufi 80. Kompyuta iliitumia maandishi pamoja na maagizo yaliyofichwa: alama isiyoonekana iitwayo ESC, kisha herufi chache. ESC ikifuatwa na [2J, maana yake "futa skrini". Watengenezaji wengine wakaiga lugha hiyo.

Mwaka 1984 Mark Vandevoorde akaanza kuandika xterm, na mashine ikageuka programu. Miaka ikapita, vitu vikaongezwa, hadi uigaji wa Tektronix 4014, mashine ya kuchorea grafu. Leo xterm ina makumi ya maelfu ya mistari ya msimbo.

Kuna ubaya gani? Mwishoni mwa 2008 iligundulika kwamba kutazama tu faili lililotegwa ndani ya xterm kungeweza kuendesha amri ambazo hukuzichapa. Mlango ulikuwa agizo la enzi za mashine za DEC: terminali inaulizwa mipangilio yake, inajibu, na jibu linapokelewa kana kwamba wewe ndiye umelichapa. Kosa lilirekebishwa, lakini somo likabaki: kila kipengele cha zamani unachokibeba ni mlango wa kulinda.

Ndipo unapoielewa st, terminali ndogo ya kundi la suckless. Tektronix hakuna. Kupandisha juu usome mistari iliyopita hakuna, kazi hiyo wameiachia programu nyingine kama tmux. Ukitaka kubadili rangi, unahariri msimbo wenyewe na kuitengeneza upya. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kuisoma yote.

Lakini hebu iulize st, kama programu zinavyoiuliza: wewe ni nani? Inajibu kwamba ni VT102, ndugu wa VT100! Na inafunguka na herufi 80 kwa mistari 24. Hilo hawakuthubutu kulikata, maana vim na wenzake wote wanaongea lugha ile ile ya 1978. Ukiiondoa, skrini inajaa takataka.

Kwa hiyo ukija kubuni programu yako ndogo, usianze kwa kuuliza nini ni cha zamani. Uliza nani bado anakitegemea.